Ndama wa chupa ana siku 12: nimfungie ndani au atoke nje?

MamaTuli_Urambo
Wadau, habari za jioni. Niko Urambo, Tabora. Ng'ombe wangu chotara alikufa siku ya tatu baada ya kuzaa, akaniachia ndama jike. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, aliwahi kuinyonya, sasa namnywesha maziwa kwa chupa mara tatu kwa siku. Analala kwenye stoo juu ya mabua ya mahindi, na mlango naufunga kwa sababu ya baridi hii ya Juni. Mchana kutwa analia. Jirani anasema nimfunge kamba chini ya mwembe wake, mama mkwe anasema ndama wa chupa hatoki mpaka aachishwe maziwa. Nimsikilize nani? Sina ng'ombe mwingine.

Mfugaji_Nzega
Pole sana dada. Tuanze na hiyo stoo. Ingia, funga mlango, chuchumaa mpaka pua yako iwe usawa wa pua yake. Macho yakiwasha kwa harufu ya mkojo, ujue hewa hiyo ndiyo anayovuta usiku kucha, na nimonia haiko mbali. Kisha piga magoti pale anapolala. Yakilowa, basi naye analala kwenye maji. Ndama mkavu aliyeshiba anaistahimili baridi ya Tabora, ila akilowa haimwachi. Toboa tundu la hewa juu ya kimo chake, upepo usimpige mwilini. Mabua hayanyonyi mkojo, tandika nyasi kavu nyingi na ubadilishe kila siku.

MamaTuli_Urambo
Nimetoka kuchuchumaa sasa hivi. Macho yamewasha, magoti yote mawili yamelowa. Maskini mtoto wa watu.

Mzee_wa_Igunga
Binti yangu, nje atoke, tena mapema, lakini si kwenye mwembe wanapopumzika ng'ombe wa jirani. Pale kuna kupe, na ndigana kali, ugonjwa wanaouleta kupe hao, inawamaliza ndama chotara. Mimi nilipoteza wawili kwa kuwachanganya na wakubwa. Zungushia uzio mahali ambapo ng'ombe hawajalishwa, pawe na kivuli, na umtoe umande ukishakauka kwa sababu ya minyoo. Kamba achana nayo, itamnyonga. Kila jioni pitisha vidole ndani ya masikio na chini ya mkia. Tezi ya chini ya sikio ikivimba, au joto likivuka nyuzi 39.5, mwite mtaalamu usiku huohuo. Muulize na chanjo ya ndigana.

Dada_Maziwa
Na maji safi awekewe, maziwa hayatoshi.

MamaTuli_Urambo
Asante baba, asanteni wote. Mabua tumeyatoa, baba Tuli kang'oa tofali mbili juu, na tumepiga uzio wa fito nyuma ya jiko. Leo katoka saa tatu asubuhi. Alisimama kwanza kizingitini, akanusa nyasi, halafu akarusha miguu ya nyuma akazunguka uzio mzima mbio! Jioni nimekuta kupe mmoja, sikio la kushoto. Kesho naenda kwa bwana mifugo wa kata.