Naomba ushauri: picha ya marehemu baba imegandia kiooni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Langoni, Lamu. Juzi nikipangua sanduku la mama nilikuta picha ya marehemu baba, nyeusi na nyeupe, ameketi kando ya jahazi kule Matondoni, nyundo ya kalafati (ya kuzibia nyufa za chombo) mkononi. Kuiona tu, nikasikia harufu ya sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka vyombo, aliyokuwa akirudi nayo jioni, nami mbio mlangoni kumpokea kikapu. Harufu ile nilikuwa nimeisahau kabisa.

Tabu ni kwamba picha imegandia kwenye kioo cha fremu, na pembeni ina madoa ya ukungu (hewa yetu ya chumvi mnaijua). Nilijaribu kuinua ncha kwa kisu, ikaanza kuchubuka upande wa kikoi, nikaacha haraka. Fundi mmoja ameniambia niiloweke majini, moyo umekataa. Nimeipiga kwa simu juu ya kioo, lakini mwanga unang'aa usoni mwake.

Je, kuna aliyewahi kubandua picha ya namna hii ikasalimika, au niiache na kioo chake? Na nikitaka nakala safi bila kuibandua, niipige vipi kioo kisirudishe mwanga? Mama anaiulizia kila siku.