Skana inasoma 107, mshale uko katikati, feni kimya. Nimwamini nani?

Binti_wa_Usukani:

Habari zenu wanajukwaa. Nina gari la mwaka 2001, injini ya petroli 1.6, nililoachiwa na baba yangu. Daftari lake la matengenezo bado limo kwenye droo ya dashibodi, kila badiliko la oili limeandikwa kwa mkono wake. Sitaki gari hili lifie mikononi mwangu.

Likiwa barabarani, mwendo wa 80, halina shida. Nikikwama kwenye foleni dakika kama kumi na tano, naanza kusikia harufu tamu ya kulanti, yaani dawa ya kupozea injini. Mshale wa temperecha hausogei, uko katikati palepale. Nikanunua skana ndogo ya OBD, inayochomekwa kwenye soketi ya kompyuta ya gari na kusoma kwenye simu. Barabarani inaonyesha nyuzi 88 hadi 90. Kwenye sailensa, yaani gari limesimama na injini inanguruma tu, inapanda: 95, 99, 103, mpaka 107, na feni haijazunguka hata mara moja. Nikiwasha AC, feni inaanza hapohapo na joto linarudi 96.

Fundi wa kwanza alibadilisha sensa ya joto iliyo kwenye injini. Hali ikabaki ileile. Wa pili anataka kung'oa themostati (vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) na kuunga feni dairekti, iwe inazunguka muda wote nikiwasha gari. Nimemwomba asubiri kwanza niulize. Kwa nini mshale na skana havikubaliani? Na hiyo dairekti ina madhara gani?

Gia_ya_Nne:

Dada, mwache fundi aunge dairekti. Langu lina miaka miwili hivyo na halijawahi kuchemsha.

Waya_Mwekundu:

Dada, umefanya vizuri kumzuia. Mimi ni fundi umeme wa magari, na kosa hili naliona mara kwa mara: feni haiwaki, mtu anakimbilia sensa ya injini, wakati kwenye gari la umri huo huenda sensa hiyo haihusiki na feni kabisa.

Magari mengi ya wakati ule yana sehemu zaidi ya moja zinazopima joto. Kuna sensa inayoiarifu kompyuta, na hiyo ndiyo inayosomwa na skana yako. Kuna inayopeleka habari kwenye mshale; wakati mwingine iko peke yake na waya mmoja, wakati mwingine imefungwa ndani ya kasha moja na ile ya kompyuta. Halafu kuna swichi ya feni, imekazwa kwenye rejeta yenyewe, mara nyingi upande wa chini ambako maji yanatokea. Hiyo haipimi chochote kwa namba. Ikipata joto inakutanisha waya, feni inazunguka, ikipoa inaachia. Swichi ikifa, skana haitakuonyesha kosa lolote, maana kompyuta haijui habari zake.

Mshale wako haujaharibika. Watengenezaji wengi waliufanya utulie katikati kuanzia kama nyuzi 75 mpaka zaidi ya 105, ili dereva asitishike kila joto linapocheza kidogo. Ukiuona umeanza kupanda, jua injini imeshateseka muda. Amini skana.

Kuhusu 107: kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, chini ya mfuniko wa rejeta ulio mzima, bado haijachemka hapo. Hata maji matupu, mfuniko ukishikilia shinikizo la bar 1, yanachemka karibu na 120. Lakini mpira wa mfuniko ukichoka, ulinzi huo haupo tena, na harufu unayosikia inanitia wasiwasi kwamba kuna mahali panavuja. Mfuniko ukaguliwe, injini ikiwa imepoa kabisa. Usiufungue wa moto hata kama una haraka kiasi gani. Nimemwona mwenzangu akiungua mkono mzima.

Sasa fanya hivi. Acha gari kwenye sailensa mpaka skana isome 103, zima, kisha gusa paipu ya chini ya rejeta kwa uangalifu. Ikiwa ya moto na feni haikuzunguka, mtuhumiwa ni swichi au waya zake. Ikiwa baridi, swichi haina kosa, maji ndiyo hayazunguki: themostati imeganda, kuna hewa ndani, au pampu imechoka. Angalizo: kwenye gari la aina hii feni inaweza kuanza hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Vidole na mikono ya nguo vikae mbali nayo.

Pia niambie, AC ikiwaka zinazunguka feni zote au moja tu? Gari lingine lina feni ya AC peke yake, na hapo jaribio lako la AC halisemi lolote kuhusu ile kubwa.

Ndugu Gia_ya_Nne, langu dogo kwako: feni isiyopumzika inakula brashi za mota na kuitwisha alteneta mzigo wa bure. Na fundi akishang'oa themostati, injini inatembea baridi, inakunywa mafuta zaidi, na kwenye gari lenye kompyuta mara nyingi msimbo P0128, wa injini kutofikia joto lake, unatokea. Themostati inafunguka kwenye 82 hadi 88 hivi kwa sababu injini inataka joto hilo.

Binti_wa_Usukani:

Asante sana fundi, umeniondolea giza. Leo asubuhi nimefanya ulivyosema. Skana 103, nikazima, paipu ya chini ni ya moto, sikuweza kuishika zaidi ya sekunde mbili. AC ikiwaka zinazunguka zote mbili, kubwa na ndogo.

Swichi nimeiona, chini upande wa kushoto, ina terminali tatu. Nilipochomoa soketi, terminali moja imeota kutu ya kijani. Niendeleeje?

Waya_Mwekundu:

Tatu maana yake mwendo wa feni ni wa aina mbili, taratibu na kasi. Chukua kipande cha waya mnene chenye fyuzi katikati, kwa sababu kwenye baadhi ya magari umeme wote wa mota unapita hapo na waya mwembamba utayeyuka. Tafuta kwa taa ya kupimia terminali yenye umeme, iunganishe na ya pili, kisha na ya tatu, kwenye soketi, si kwenye swichi. Feni ikizunguka mara zote mbili, mota, fyuzi na waya ni vizima.

Wengine mnaosoma, msinakili bila kuangalia: kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 ni kinyume, ukichomoa tu soketi ya swichi feni inaanza yenyewe. Na kwenye magari mapya kompyuta ndiyo inayoamuru feni kupitia rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Huko ukichomoa sensa ya injini, kompyuta nyingi huwasha feni kwa tahadhari.

Binti_wa_Usukani:

Narudi na majibu. Nilipounganisha, feni ilizunguka mara zote mbili. Nikasubiri injini ipoe, nikaifungua swichi. Mgongoni imechongwa 95/84 na 102/91, yaani joto la kuwasha na kuzima feni kwa kila mwendo. Nikaitumbukiza ncha yake kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, mita ikiwa kwenye terminali. Maji yalifika 98 na haikukutanisha kitu.

Nimefunga mpya yenye namba zilezile, nimesafisha soketi, nimeongeza kulanti na kutoa hewa. Mfuniko nao nimebadilisha, mpira wake ulikuwa umepasuka. Ila nina swali moja: feni sasa inaanza skana ikisoma 100, si 95. Je, swichi mpya ni mbovu?

Waya_Mwekundu:

Hapana dada, ni nzima. Swichi inaonja maji yaliyokwisha kupozwa na rejeta, skana inasoma yale yanayotoka kwenye injini. Tofauti ya nyuzi chache ni ya kawaida. Inazima kwenye ngapi?

Binti_wa_Usukani:

Skana ikisoma 92. Jana nimekaa kwenye foleni dakika arobaini, ikapanda 100, ikashuka 92, ikapanda tena, na harufu hakuna. Nimeandika kwenye daftari la baba, chini ya mstari wake wa mwisho: swichi ya feni, mfuniko wa rejeta, na tarehe.