Rufaa za waliofungiwa kwenye seva ya Minecraft: nani aamue, na kwa ushahidi gani?

fundi_vitalu

Wakuu, salaam. Nasimamia seva ya Minecraft ya Kiswahili. Wachezaji wengi wako Tanzania na Kenya, wachache Oman. Tunatumia Paper (programu ya kuendesha seva), Geyser na Floodgate (plagini za kuwaingiza wanaocheza kwa simu), CoreProtect (hurekodi nani aliweka au kuvunja nini), LiteBans (hurekodi waliofungiwa), na Discord kwa mazungumzo. Wasimamizi tuko watano.

Rufaa hazina utaratibu. Aliyekula ban anamtafuta msimamizi anayemfahamu, na jibu linategemea amempata nani. Asiye na mtu wa kumsemea anabaki nje. Naomba ushauri: tuhifadhi ushahidi gani, nani aamue, na kufungia kwa anwani ya IP kunafaa?

mzee_wa_logi

Mkuu, anza na siku ya kumfungia, maana rufaa itasimama au kuanguka kwa kile kilichohifadhiwa siku ile. Kila anayefungiwa afunguliwe kesi yenye namba, na ndani yake kuwe na UUID yake, yaani namba ya utambulisho wa akaunti (jina la mchezaji hubadilika, UUID ya akaunti haibadiliki), kanuni iliyovunjwa, mahali kwa viwianishi vya X, Y, Z na saa ya tukio.

Hapo kwenye saa watu wengi hujikwaa. Seva nyingi za kukodi huandika logi kwa UTC, yaani saa ya kimataifa. Tukio la saa 4 usiku wa Dar au Nairobi linaandikwa 19:00, na kwa aliyeko Muscat ilikuwa saa 5 usiku. Mshtakiwa akisema "saa hiyo sikuwepo" huenda anasoma saa nyingine kabisa. Chagueni saa moja, muitaje kwenye kila kesi.

Kwa majengo yaliyoharibiwa, chukua matokeo ya `/co lookup u:jina t:3d r:20` na uyanakili kwenye kesi. Kurudisha majengo kwa rollback hakufuti kumbukumbu za CoreProtect. Kinachofuta ni `/co purge`. Ndani ya mchezo haikubali kufuta kilicho chini ya siku 30, lakini kwenye konsoli inashuka mpaka saa 24, na hapo mtu anaweza kufuta ushahidi wote akidhani anapunguza ukubwa wa hifadhidata. Msifute kitu ambacho muda wake wa rufaa haujaisha.

Discord nayo ina mitego yake. Unapomfungia mtu, inakupa nafasi ya kufuta ujumbe wake wa hadi siku 7 nyuma. Ukikubali, umefuta matusi pamoja na ushahidi wa matusi, kwa hiyo piga skrinshoti kwanza. Isiwe mstari mmoja tu. Chukua na mazungumzo ya dakika kumi kabla na kumi baada, kwa sababu mara nyingi aliyefungiwa alikuwa anajibu uchokozi. Kumbukumbu za ukaguzi za Discord hukaa siku 45 tu, kwa hiyo zinakilini.

Jambo jingine: boti haiwezi kumtumia ujumbe wa faragha mtu ambaye haina seva ya pamoja naye. Atumiwe taarifa kwanza, ndipo afungiwe. Hata hivyo wapo waliofunga ujumbe wa faragha, hivyo maelezo kamili yawe pia kwenye skrini anayoiona akijaribu kuingia mchezoni: "Kanuni 4, kuharibu jengo la mwingine. Siku 14. Kesi 0231. Rufaa:" kisha kiungo cha fomu. Fomu iwe nje ya Discord yenu, maana ndiko alikofungiwa. Google Forms inatosha.

nahodha_254

Nijibu la IP. Kwa wachezaji wa kwetu, kufungia kwa IP ni kuwaadhibu majirani. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na mteja mmoja hupata anwani nyingine akizima data na kuiwasha. Kwa hiyo mkosaji anarudi baada ya dakika chache, na asiye na hatia anakuta mlango umefungwa asijue amekosa nini. Bweni na saibakafe ni hivyohivyo. Kama mna proksi (programu inayowapokea wachezaji kabla ya kuwapeleka kwenye seva) kama Velocity au BungeeCord na hamjawasha upitishaji wa anwani halisi, ni balaa: seva inawaona wote wakiwa na anwani ya proksi, na `/ban-ip` moja inafunga kila mtu.

LiteBans ina `/dupeip`, inayoonyesha akaunti zilizowahi kutumia anwani moja. Itumieni kama sababu ya kuchunguza tu. Akaunti mbili kuonekana kwenye IP moja si ushahidi kwamba ni mtu mmoja. Angalieni mengine: kujenga palepale, kuyafungua makasha yaleyale, kuingia sekunde chache baada ya nyingine kufungiwa.

Swali kwako fundi: kwenye `server.properties` yenu, `online-mode` (mpangilio wa kuthibitisha akaunti za wachezaji) ni true au false? Ikiwa false, UUID hutengenezwa kutokana na jina lenyewe. Akibadili jina ana UUID mpya, na mtu mwingine akiandika jina lake anaingia kama yeye, isipokuwa mmeweka plagini ya nywila kama AuthMe. Kwenye seva ya namna hiyo, anayesema "si mimi niliyefanya" ana hoja nzito, na ni juu yenu kuonyesha kwamba alikuwa yeye.

fundi_vitalu

Ni true, mkuu, na wa simu wanaingia kwa akaunti zao za Xbox. Lakini tunapata sana "ni mdogo wangu aliyeshika simu". Na wapo wanaopendekeza wachezaji wote wapige kura kwenye chaneli ya wazi.

Bi_Redstone

Kura ya wazi usiikubali. Mchezo wa League of Legends ulianzisha mahakama ya wachezaji mwaka 2011 na kuizima 2014, na hata pale wapiga kura hawakuwa marafiki wa mshtakiwa. Kwenye seva ndogo wote wanajuana, kwa hiyo kura itapima nani anapendwa. Aliyeshtaki naye atatajwa hadharani, na kesho hakuna atakayethubutu kuripoti.

Mko watano, na hiyo inatosha. Aliyefungia anaandika maelezo yake kisha anakaa pembeni. Wawili wasiohusika wanasoma kesi, kila mmoja anaandika maoni yake kabla ya kuona ya mwenzake. Wakitofautiana, wa tatu anaamua. Mwenye urafiki au ugomvi na mhusika ajitoe. Mpokee rufaa ndani ya siku 3 na mjibu ndani ya 7. Siku 7 zikipita bila jibu na adhabu ni ya muda, afunguliwe. Bila sharti hilo rufaa ya adhabu ya siku 14 itajibiwa siku ya 15. Dirisha la kukata rufaa liwe refu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya Huduma za Kidijitali inadai majukwaa yatoe angalau miezi 6, na sioni kwa nini seva ndogo itoe wiki moja.

Kwenye fomu msimlazimishe mtu kukiri wala kuomba radhi. Seva nyingi zina swali la "umejifunza nini?", na asiye na kosa hana la kujibu. Anabaki na kusema uongo ili afunguliwe, au kusema kweli aonekane mkaidi. Ulizeni: namba ya kesi, unapinga tendo au ukubwa wa adhabu, na una ushahidi gani. Kwa la mdogo mtu, mwenye akaunti anawajibika, ila mara ya kwanza adhabu ipunguzwe.

Kuchiti ndiko kunakohitaji umakini zaidi, kwa sababu mashine hukosea. Mwaka 2010 Steam iliwafungia kimakosa watu kama 12,000 wa Modern Warfare 2, ikabidi iwafungulie. Oktoba 2023 kipengele cha Anti-Lag+ cha kadi za picha za AMD kilisababisha wachezaji wa Counter-Strike 2 kufungiwa bila kosa, na AMD ikaiondoa draiva ile. Kwenu hatari ni mtandao. Mwenye ping (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi, kwa milisekunde) ya 300 anaonekana kama anaruka au anapita kasi, hasa TPS (hatua ambazo seva inapiga kwa sekunde) ikishuka chini ya 20. Wa Geyser wanatembea kwa namna ambayo vizuia-chiti vya Java (toleo la kompyuta) havikuitarajia. Kila onyo lihifadhiwe pamoja na ping na TPS ya wakati ule, na asifungiwe mtu moja kwa moja na plagini bila jicho la binadamu.

Kwa X-ray (chiti ya kuona madini kupitia mawe), wingi wa almasi peke yake hausemi kitu. Anayechimba mahandaki karibu na Y -59 (kina cha chini kabisa) kwa saa nne atazipata nyingi. Tafuta kwa `/co lookup u:jina a:-block i:diamond_ore,deepslate_diamond_ore t:7d`, kisha nenda ukaangalie njia zenyewe. Handaki linalokata kona ghafla kuelekea almasi isiyoonekana kutoka popote, tena mara nyingi mfululizo, ndilo linalozungumza. Mwonyeshe picha za njia hizo na viwianishi. Usimpe viwango vya kizuia-chiti wala jina la aliyemripoti.

nahodha_254

Nakubali, ila kesi za kuwasumbua watoto zisifuate njia hiyo. Mtu mzima aliyemtumia mtoto ujumbe wa kingono abaki nje wakati wote rufaa ikisomwa, hata siku 7 zikipita, na asionyeshwe maneno ya mtoto. Ripoti iende Discord pia.

fundi_vitalu

Nimeelewa. Na waliofungiwa zamani, ambao LiteBans inaonyesha neno "chiti" tu bila kitu kingine?

mzee_wa_logi

Hakikisheni kwanza kama logi za zamani zipo: folda ya `logs`, faili za `.log.gz` zenye tarehe kwenye jina. Tafuta UUID yake kwa `zgrep UUID logs/*.log.gz`, kisha rudia kwa jina alilokuwa nalo wakati ule, kwa sababu mazungumzo na amri huandikwa kwa jina. Usipopata tendo lolote, mfungue kwa `/unban` na uandike kwenye kesi "hakuna ushahidi uliohifadhiwa", ili kesho msimamizi mwingine asimhesabie kama mkosaji wa mara ya pili. Za kusumbua watoto ziacheni zimefungwa mpaka wawili wazisome.