Dashibodi inamulika kioo cha mbele: flokingi, suedi, rangi au kava?

Altezza_Mabatini
Mwangaluka wakuu. Naendesha Altezza, dashibodi imepauka na ina ufa mdogo karibu na kioo. Sura yake hainisumbui sana. Kinachonisumbua ni kwamba waosha magari wameipaka mafuta ya kung'arisha miaka nenda rudi, na sasa jua la saa tano likipiga, dashibodi nzima inaonekana juu ya kioo cha mbele kama ukungu. Juzi pale Buzuruga nilichelewa kumwona bodaboda aliyekatiza. Hakuna aliyeumia, lakini nimeamua hali hii iishe.

Nafikiria flokingi, yaani zile nyuzi fupi zinazorushwa juu ya gundi mbichi mpaka kitu kinakuwa na manyoya kama mahameli. Au kuvisha suedi bandia. Au kupiga rangi nyeusi isiyong'aa. Au kava la kutandaza tu, yale yanayokatwa kwa umbo la gari. Moyo uko kwenye flokingi, kwa sababu magari mengi ya rali ya miaka ya 1980 na 1990 yalifanyiwa hivyo ili dereva asimulikwe. Nataka kufanya mwenyewe uani. Aliyewahi kufanya anieleze.

FundiViti_Nyakato
Mkuu, mimi nashona viti na paneli za milango, kwa hiyo utanisamehe nikianza na kitambaa. Suedi bandia inayonyumbuka inameza mwanga vizuri, na ikichakaa unabandua. Shida ni mikunjo. Pale kwenye matundu ya hewa na ule ukingo juu ya mita, kitambaa lazima kikatwe na kushonwa, la sivyo makunyanzi yanakutazama kila siku.

Na usitumie gundi ya viatu. Gari likishinda juani madirisha yamefungwa, joto juu ya dashibodi linafika nyuzijoto 70. Gundi ile inalegea, kitambaa kinavimba kama chapati jikoni. Nimeletewa magari mengi ya namna hiyo nirekebishe.

Kijana_Buhongwa
Rangi ni rahisi na haraka, nilipiga. Ila sehemu unazogusa kila siku zinaanza kung'aa tena, na ukikwaruza kwa funguo alama haifutiki.

NyuziWima
Nimefanya flokingi mara tatu: mara ya kwanza nikaharibu, mara mbili zikakubali. Ngoja nieleze kwa urefu, maana watu wengi wanakosea palepale nilipokosea.

Kwanza ukitaka kujua flokingi nzuri ikoje, shusha kioo cha mlango upitishe kidole ndani ya mpira kinamoteleza. Yale manyoya ni flokingi ya kiwandani. Kioo kinapanda na kushuka humo miaka yote na bado yapo. Yanadumu kwa sababu kila uzi umesimama wima na mguu wake umezama kwenye gundi. Uzi ukilala, unashikwa ubavu tu, unang'oka.

Kinachosimamisha nyuzi ni umeme tuli. Bunduki ya flokingi inazipa nyuzi chaji ya makumi ya maelfu ya volti, na gundi mbichi inaunganishwa na waya wa ethi. Nyuzi zinavutwa kuifuata gundi, na kwa kuwa zina chaji ya aina moja zinasukumana, kila moja inatafuta nafasi yake. Ile chupa ya kubinya kwa mkono haina umeme, inamwaga nyuzi kama unga. Inafaa ndani ya dro au kisanduku cha vito, lakini kwenye dashibodi utapata mabaka. Ndiyo niliyoanza nayo.

Nyuzi chukua za nailoni, urefu wa nusu milimita hadi milimita moja. Za reyoni ni laini na bei yake ni nafuu, lakini zinanyonya maji. Gundi iwe ya rangi ileile ya nyuzi, ili pakibaki pengo lisionekane. Paka haraka na sawasawa, maana ikianza kutengeneza ngozi juu, nyuzi hazizami tena. Ndiyo maana usijaribu dashibodi nzima kwa mpigo mmoja. Kisha iache siku nzima bila kuigusa, hata kwa kidole kimoja cha kujaribu. Zilizozidi unazipuliza na kuzikusanya kwenye gazeti, zinatumika tena.

Hali ya hewa nayo ina neno. Nilifanya Julai, saa tatu asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Masika nyuzi zinashika unyevu na kutoka mabonge mabonge.

Altezza_Mabatini
Asante sana mkuu. Bunduki hiyo sina. Nimesikia watu wanatumia raketi ya kuua mbu na chujio la chai. Ni kweli?

NyuziWima
Ni kweli, wanaotengeneza mandhari ndogo za treni za kuchezea ndivyo wanavyosimamisha majani yao. Waya mmoja wa raketi unaungwa kwenye chujio la chuma lenye nyuzi, mwingine unagusa gundi mbichi. Inafanya kazi kwenye kipande kidogo kama kiganja, ukikaribia sana. Lakini nguvu yake ni ndogo mno kulinganisha na bunduki. Na angalia: ndani kuna kapasita inayobaki na chaji hata ukiachia kitufe. Ikikupiga utaisikia mpaka begani.

MamaDagaa_Kirumba
Wanangu, mimi nabeba dagaa kutoka Mwaloni karibu kila siku, na barabara ya kwetu ni vumbi jekundu. Kitu chochote chenye manyoya ndani ya gari langu kinashika vumbi na kinashika harufu. Kava la kutandaza nalitoa Jumapili, nalifua, nalianika, kwisha. Hiyo ya kugandisha utaifuaje?

NyuziWima
Shikamoo mama. Hapo una haki, siwezi kubisha. Flokingi inasafishwa kwa brashi laini na mashine ya kunyonya vumbi, au kitambaa chenye unyevu kidogo. Harufu ya dagaa ikishaingia sina dawa yake. Kwa gari la kazi kama lako, kava.

Nyegezi_Afya
Kitu kimoja hakijasemwa na kinaniuma. Vumbi la nyuzi hizi si la kuchezea. Miaka ya 1990 wafanyakazi wa viwanda vya flokingi ya nailoni huko Marekani na Canada walionekana na ugonjwa wa mapafu uliotokana na vumbi hilo. Wao walilivuta kila siku, wewe utalivuta mara moja, lakini vaa barakoa ya N95, ile ya kitambaa haitoshi. Fanya mahali penye hewa, watoto wakae mbali, na pasiwe na jiko la mkaa karibu. Nyuzi zikijaa hewani zinaweza kushika moto.

FundiViti_Nyakato
Naongeza la usalama. Kama dashibodi ina mfuko wa hewa wa abiria, usipake gundi wala kubandika kitambaa juu ya mfuniko wake. Ule mfuniko una mstari dhaifu unaopaswa kupasuka kwa kufumba na kufumbua gari likigonga, ili mfuko utoke. Na ukinunua kava, hakikisha limekatwa wazi sehemu hiyo.

Altezza_Mabatini
Hili la mfuko wa hewa limenibadilisha. Gari langu linao. Basi juu ya dashibodi nitaweka kava jeusi lisilong'aa, lililokatwa wazi upande wa abiria. Flokingi nitafanya kwenye vipande vinavyofunguka kwa skrubu: ukingo wa juu ya mita, na ndani ya dro. Nitaanza na dro, maana hata nikikosea haionekani. Bunduki nitaomba kuazima.

NyuziWima
Uamuzi mzuri. Ya kwangu njoo uichukue, nipo Mkolani. Ila kabla ya gundi, toa yale mafuta ya waosha magari. Yana silikoni, na gundi haishiki juu ya silikoni. Mimi kosa langu la kwanza lilikuwa hilo, gundi ilibanduka nzima kama ganda la yai. Osha kwa sabuni ya vyombo, suuza, futa kwa spiriti kwa kitambaa kipya, rudia mara tatu. Ndipo upige msasa namba 240, ufute vumbi lake kwa spiriti tena. Mwisho nyunyiza maji. Yakijikusanya matone matone, silikoni bado ipo, rudi mwanzo. Yakitandaa bapa, kausha upake gundi.