Fundi wa vifupisho vya maandishi, njoo uchukue balaa lako!

Wakuu, nina hasira na sitaki pole ya mtu.

Ofisi yetu ipo Mji Mkongwe, kazi yetu ziara: Jozani, Changuu, mashamba ya viungo. Kutwa tunawaandikia wageni majibu yale yale. La bima peke yake linachosha vidole: tangu 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nje lazima akate bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, mtu mzima dola 44, hata kama anayo ya kwao. Bosi akaleta fundi atutengenezee vifupisho kwa programu ya AutoHotkey, uandike herufi chache maelezo yote yajitokeze.

Sasa tazameni kazi. Kifupisho cha bima kakiita "bima". Neno lenyewe! Hakuweka hata nukta mbele, wala hakukifunga kwenye programu yoyote, basi kinafyatuka popote. Mwenzangu anajaza orodha ya wageni kwenye Excel, kaandika bima, kapiga nafasi, maelezo yote yakaporomoka seli hadi seli, maana Enter ndani ya Excel inakushusha chini. Majina ya wageni waliofuata yakafunikwa. WhatsApp ya kompyuta ndiyo aibu tupu, kule Enter ni kutuma. Mgeni kapata salamu, kisha nusu sentensi, kisha bei, utadhani tunagombana naye.

Akaitwa arekebishe. Kanakili mistari ya #IfWinActive, amri ya AutoHotkey toleo la 1 ya kufunga kifupisho kwenye programu moja, kaibandika kwenye mashine yenye toleo la 2. Ikagoma kabisa. Jibu lake? "Kompyuta ina kirusi." Kirusi, yakhe! Halafu anataja bei mpya "ya kutenganisha programu". Ile ya mwanzo ilikuwa ya nini? Na AutoHotkey yenyewe ya bure!

Toleo la 2 unaandika #HotIf WinActive("ahk_exe EXCEL.EXE") juu ya vifupisho vya Excel vifyatuke humo tu, ukimaliza unaweka #HotIf tupu. Mstari mpya Excel ni Alt na Enter, WhatsApp ni Shift na Enter, barua pepe Enter ya kawaida. Maelezo yale yale, kila programu na namna yake. Fundi anayechukua pesa za watu halijui hilo?

Vya Excel tumeshaandika upya wenyewe. Kilichobaki ni Chrome: barua pepe, WhatsApp na mfumo wa kuhifadhi nafasi vyote vinafunguka humo, kwa hiyo chrome.exe haitusaidii kubagua. WhatsApp tumeikamata kwa jina la dirisha. Huu mfumo wa nafasi jina linabadilika kila ukurasa. Aliyewahi kufunga vifupisho kwenye mfumo wa namna hii aniwekee mistari yake hapa. Namba za mafundi msinipe, ninazo chungu nzima.