Barcelona siku nne: viza, tiketi na usafiri

Mtu_wa_Kizota: Wakuu, natoka Dodoma kwenda Barcelona mwezi wa tisa. Viza inaendaje? Na kutoka uwanja wa ndege nipande nini?

Chako_ni_Chako: Viza ni ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Mwisho wa kuomba ni siku 15 kabla ya safari, lakini usithubutu kusubiri hapo. Peleka miezi miwili kabla. Alama za vidole huwezi kumtuma mtu, kwa hiyo panda SGR ushuke Dar mwenyewe.

Nkuhungu77: Nunua T-casual, kadi ya usafiri wa mjini: safari 10, mtu mmoja tu, mkiwa wawili kila mtu na yake. Wengi hunasa hapa: haikubali kwenye vituo vya metro vya uwanja wa ndege, geti linagoma. Inakubali basi la 46 mpaka Plaça d'Espanya, na treni ya R2 Nord inayoanzia Terminal 2. Ukitua Terminal 1, kuna basi la bure la kukupeleka T2. Una mabegi mazito? Panda Aerobús, basi la uwanja wa ndege, mpaka Plaça de Catalunya, bei imechangamka ila halizunguki.

Kanisa la Sagrada Família kata tiketi mtandaoni mapema, ina saa yake ya kuingia. 16:00 ni saa kumi jioni, usije ukajichanganya.

Mtu_wa_Kizota: Shukrani. Chaja?

Chako_ni_Chako: Kule ni pini mbili za duara, hizi zetu tatu hazichomeki. Beba adapta. Na pale mtaa wa La Rambla simu isikae mfuko wa nyuma, vibaka wapo.