Ijumaa ni zamu yangu kuwa "mgonjwa" kwenye praktikali ya kuogesha kitandani. Naombeni ushauri

Binti wa Mwaloni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi ni msomaji wa kimya humu siku nyingi, leo yamenifika shingoni nimeamua kufungua uzi. Mtanisamehe kwa urefu.

Nasoma diploma ya uuguzi na ukunga, mwaka wa kwanza, chuo kimoja hapa Mwanza, jina naliacha. Darasani tuko zaidi ya 60 na labu ina midoli miwili ya watu wazima. Mmoja yuko salama. Wa pili mkono wa kulia ulishachomoka, unafungwa bandeji asubuhi, kufika saa 4 umeanguka tena. Kwa hiyo mambo mengi tunafanyiana wenyewe kwa wenyewe. Presha, mapigo, kuhesabu pumzi, kupigana mswaki, kumtoa mtu kitandani kumweka kwenye kiti cha magurudumu, kulishana uji mmoja akiwa ameegemea mito. Yote hayo nimefanya na nimefanyiwa. Siku ya uji nilicheka hadi ukanipalia, mkufunzi akasema sasa tumeona kwa nini mgonjwa halishwi akiwa anacheka.

Wiki hii tumefika kuogesha mgonjwa kitandani na kutunza sehemu zinazogandamizwa: mgongo, makalio, visigino. Tumegawanywa makundi ya watu 6. Kundi letu lina wavulana wawili na wasichana wanne, na kila mmoja lazima awe nesi na awe mgonjwa. Sehemu za siri zinafanywa kwa mdoli, hilo tumeambiwa wazi. Uso, mikono, miguu na mgongo ni sisi wenyewe.

Shida yangu ni mgongo. Nikiwa na miaka 7 tulikuwa tunakaa Kirumba, mama anakaanga samaki wa kuuza. Karai lilipinduka. Kuanzia bega la kushoto hadi karibu na kiuno ngozi yangu imejikunja kama karatasi iliyolowa ikakaukia juani. Nguo zangu zote ni za shingo juu. Hosteli naoga saa 10 alfajiri. Mwenzangu wa chumbani tunakaa naye mwezi wa tano huu na hajawahi kuona.

Nilimfuata mkufunzi nikamwomba niwe nesi tu, nisiwe mgonjwa. Hakuniuliza sababu. Alisema, "Asiyelala hapati alama," akaendelea kusahihisha. Nilitaka kumweleza, koo likaniziba.

La pili: kuna wenzetu wamepata kanula (kile kimrija kinachoingizwa kwenye mshipa) na sindano, sijui wamezitoa wapi. Jumamosi usiku wanataka kuchomana hosteli ili tukienda wodini wasiaibike. Wananibembeleza nijiunge kwa sababu eti nina mishipa mizuri.

Nidanganye naumwa Ijumaa?

Sato Mkavu

Natandika mkeka hapa, ngoja waje wenye fani yao. Ila "una mishipa mizuri" ndiyo sera mpya ya kutongozea vyuoni? Haya, dunia imeenda mbio.

MamaKulwa

Pole sana mwanangu. Kuumwa usidanganye, Ijumaa hii ikipita na nyingine inakuja. Anza na huyo wa chumbani. Mtu mmoja tu, usiku, taa ikiwa inawaka, usimwoneshe gizani kama mwizi. Mimi nina kovu la upasuaji wa uzazi, tena walinishona mara mbili, na aliyeniondolea aibu ni shoga yangu tuliyekuwa tunauza naye dagaa. Aliangalia akasema, "Kumbe ndiyo hili tu?" Tukaendelea na kazi.

Mpiga Kasia

Mimi nina swali tofauti, msinipige mawe. Hivi wodini nani anaogesha mgonjwa? Nilimuuguza mzee wangu wiki mbili. Sisi ndugu ndio tuliomwogesha, tukamlisha, tukamwaga mkojo. Nesi alipita na trei ya dawa akaenda zake. Sasa mnavuana nguo chuoni kwa kazi ambayo mkiajiriwa mnatuachia sisi? Naona kama michezo.

Sista Mstaafu

Mpiga Kasia, umesema kweli na umenikera, vyote kwa pamoja. Nimekaa wodini miaka 30 na ushee, mingi upande wa Sengerema, enzi zile mgonjwa wa rufaa tunavuka naye Kigongo kwa kivuko, chupa ya dripu umeinyanyua mkononi na upepo wa ziwa unakupiga. Ndugu ndio wanaogesha, sikatai. Zamu ya usiku nesi mmoja, vitanda vimejaa na wengine chini, utaogesha nani?

Lakini ndugu akiogesha anatafuta uchafu. Nesi anatafuta kidonda ambacho bado hakijatokea. Unabonyeza kwa kidole pale juu ya mfupa wa makalio, unaachia, unaangalia. Rangi ikififia kisha ikarudi, damu inapita. Ikibaki vilevile, ujue kidonda kimeshaanza kwa ndani hata kama juu ngozi ni nzima. Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Kwa ngozi zetu hizi wekundu haujitokezi vizuri, kwa hiyo unatumia mgongo wa mkono: pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu? Pametepeta? Mdoli hawezi kukufundisha hilo, yeye mwili mzima ana joto la chumba. Ndiyo maana wanafunzi wanalala kwa zamu kama wagonjwa.

Sasa wewe binti. Kuogesha kitandani ukikufanya sawasawa, mgonjwa hawi uchi hata dakika moja. Shuka la juu linatoka, khanga inabaki. Unaanza na macho, maji matupu bila sabuni, kutoka kona ya puani kwenda nje, na jicho la pili unageuza upande mwingine wa kitambaa. Unafunua mkono mmoja, unaosha kutoka vidoleni kupanda begani, unakausha, unafunika, ndipo unakwenda wa pili. Maji yakipoa au yakichafuka unabadilisha. Mgongo unafuata baadaye, mgonjwa amegeuziwa ubavu, pazia limefungwa. Wanaouona ni anayeosha na anayesaidia kumshika asianguke. Hao watatu wengine wanasimama pale wakitafuta nini?

Basi rudi kwa mkufunzi, lakini usimwombe akusamehe zoezi. Mwombe zoezi lifanywe linavyotakiwa: pazia, nesi mmoja, msaidizi mmoja, wote wasichana, tena uwachague mwenyewe. Mgonjwa wa wodini ana haki ya kukataa kuogeshwa na mwanafunzi na matibabu yake yakaendelea. Wewe unayelala kuwasaidia wenzako wajifunze utakosaje haki hiyo? Na sababu mwambie, hata kwa sentensi moja. Mimi mwenyewe nilikuwa mkali hivyohivyo kwa wanafunzi walioletwa kwangu, kwa sababu kila mwaka wapo wanaotoroka zoezi kwa uvivu, na ukichoka unawaona wote ni walewale. Simtetei, ila namjua.

Braza wa Zamu

Mimi ni mwanaume na nilipita hukohuko. Nilipangwa na mama mmoja wa miaka 40 na kitu, alikuwa mhudumu wodini akaja kujiendeleza. Saa 2 asubuhi nampa shikamoo, saa 3 namwosha miguu. Siku ya kwanza nikaosha vidole viwili nikasema nimemaliza. Alikuwa amefumba macho kama mgonjwa kweli, akafungua moja: "Mwanangu, hivyo ni viwili. Vingine nimwachie nani?" Labu nzima ilivunjika mbavu.

Zamu yangu ya kulala ikaja. Jamaa aliyekuwa nesi akanishika bega na nyonga akanigeuza bila kusema neno. Kitanda ni chembamba, nikaona sakafu inanijia usoni, nikapiga kelele. Tangu siku ile simgusi mgonjwa kimyakimya. Baba, nakugeuzia upande wa dirisha. Mkono wangu huu hapa begani. Tayari? Wenzangu wananiita mtangazaji wa mpira. Kitu pekee ambacho simtangazii mgonjwa ni kuhesabu pumzi, maana ukimwambia anaanza kupumua kwa mpangilio kama yuko kwenye picha. Unaendelea kushika kiganja kana kwamba bado uko kwenye mapigo, macho yako kifuani.

Mtu wa Maabara

Nyote mmekaa kwenye mgongo, mimi nimeshtushwa na Jumamosi. Dada, usithubutu. Na hao wenzako wazuie ukiweza.

Presha na uji mnaweza kufanyiana hata chini ya mwembe. Kitu kinachoingia kwenye mshipa wa damu ni habari nyingine. Nani anasimamia? Boksi la sindano zilizotumika liko wapi, chini ya kitanda cha dekadeka? Mmechanja homa ya ini B, dozi zote tatu? Kirusi chake kinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa angalau siku 7, hata kwenye tone lililokauka ambalo hulioni. Mtu akijichoma na sindano iliyotoka kwa mwenzake: aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikamue kidonda, aende hospitali saa hiyohiyo. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita ni hasara, kisha anazimeza siku 28. Sasa saa 6 usiku mtaenda kujieleza vipi pale mapokezi?

Kama ni mkono kuzoea, kuna chungwa. Ganda lake linatoa ukinzani kidogo halafu sindano inapenya, unajifunza kutosukuma kwa nguvu. Hata hilo lifanyieni labu, mkufunzi akiwepo, na sindano ziishie kwenye boksi.

Sato Mkavu

Mimi bado nawaza yule mdoli asiye na mkono. Chuo kinunue mwingine jamani.

Mtu wa Maabara

Hao wana historia ndefu kuliko unavyodhani. Mdoli wa kufundishia wauguzi anayejulikana sana, Mrs. Chase, alitengenezwa Marekani mwaka 1911 kwa ajili ya shule ya wauguzi ya hospitali ya Hartford. Aliyemtengeneza alikuwa mama fundi wa midoli ya watoto, Martha Chase.

Sato Mkavu

1911 alikuwa na mikono yote miwili?

Mtu wa Maabara

Yote miwili.

Sato Mkavu

Basi sina la kuongeza.

Binti wa Mwaloni

Shikamoo Sista, na asanteni wote. MamaKulwa, nimefanya ulivyosema. Nimewasha taa, nikamgeuzia mgongo. Alikaa kimya nikaona dunia imeisha. Halafu akauliza, "Huwa inawasha?" Nikamwambia nikipigwa na jua. Akasema basi Ijumaa hatasugua, atapangusa. Akarudi kula karanga zake.

Kesho asubuhi namfuata mkufunzi. Nimeandika kwenye karatasi kabisa, koo likiziba nampa asome.

MamaKulwa

Mungu akutangulie. Karanga amekubakishia?

Binti wa Mwaloni

Wakuu, mrejesho.

Karatasi niliitumia. Mkufunzi aliisoma amesimama koridoni, akaikunja, akanirudishia ili isibaki kwake. Akasema, "Chagua wawili." Nikachagua wa chumbani na dada mmoja wa Ukerewe ambaye haongei sana. Wavulana wetu waliwekwa nje ya pazia kutandika kitanda cha pili. Kona zao za shuka zilikuwa kama vifurushi vya dagaa, zikafumuliwa mara tatu.

Mambo yenyewe hayakuwa mazuri kama Sista alivyoeleza. Wa chumbani ndiye alikuwa nesi; alipima maji kwa kiwiko yakawa sawa, lakini tulichelewa kwenye mikono, hadi anafika mgongoni yameshapoa na hakubadilisha. Nilishtuka mwili mzima. Alisahau kunikausha kwapa. Makintoshi, ule mpira wa kuzuia majimaji ulio chini ya shuka, inanata na inapiga kelele kila ukijisogeza, sasa najua kwa nini bibi yangu alipolazwa alikuwa anaivuta itoke na sisi tunamgombeza.

Mkufunzi akauliza kutoka nje ya pazia kama anaweza kuingia. Aliniuliza mimi, hakuuliza nesi. Nikasema aingie. Akamwuliza mwenzangu: ngozi ya kovu la moto kama hili ina tofauti gani na ngozi nyingine? Mwenzangu akababaika. Akamweleza kwamba pale ndani tezi za jasho na mafuta nyingi zimeungua, ngozi inakauka na kupasuka upesi, kwa hiyo baada ya kuosha lazima ipakwe mafuta, tena mgonjwa asikae na joto mahali hapo kwa sababu pale hapatoi jasho. Mimi nimelala ubavu, uso kwenye mto, nasikia mgongo wangu unafundishwa kama somo. Miaka 13 najipaka mafuta bila kujua ni kwa nini.

Mwenzangu amekatwa alama mbili za maji na moja ya kwapa. Ameninunia hadi jioni eti ningemkumbusha. Nimemwambia mgonjwa hakumbushi.

Mpiga Kasia

Hiyo ya makintoshi imenigusa. Mzee naye alikuwa anaivuta. Hongera binti.

Sato Mkavu

Na Jumamosi?

Binti wa Mwaloni

Sikwenda. Niliwapelekea machungwa matatu wakanicheka. Nasikia wa kwanza alizimia kabla sindano haijamgusa, wengine wakaogopa wakaahirisha. Vifaa wanasema watavirudisha labu Jumatatu.

Sista Mstaafu

Aliyezimia alazwe chali, miguu inyanyuliwe juu, asipewe maji hadi azinduke vizuri. Na hizo sindano zihesabiwe kabla ya Jumatatu. Moja moja.